Siku Mbili Nilizokatazwa Kupakata Mtoto

Mguu wangu wa kushoto ulinuka kwa miaka tisa. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, asije mtu akanisoma huku akidhani kidonda ni jambo la kufunga kitambaa na kwenda zako. Kilinuka. Kanisani watu waliniachia benchi zima, nikakaa peke yangu kama mgeni rasmi. Mama alichemsha majani ya mpera kila asubuhi, akaniosha, akanifunga vizuri, na kufika saa nne kitambaa kimeshalowa tena.

Yalianza mwaka tuliohamishiwa kijijini. Sisi ni watu wa Hasamba, watu wa kahawa na mahindi, na nyumba yetu ilikuwa mbali na pale serikali ilipotaka kijiji kiwe. Tukabeba vitu. Mimi nilijitwika jiwe la kusagia, nikajikwaa, jiwe likaniangukia kwenye muundi. Halikuvunja kitu, nikalia kidogo nikaendelea kutembea. Wiki iliyofuata nilishikwa na homa, mguu ukavimba ukawaka moto, ukapasuka wenyewe ukatoa usaha. Baada ya miezi ukaanza kutoa vipande vya mfupa, vidogo, vyeupe, kama punje za mahindi. Mama alivifukia nyuma ya nyumba bila kumwambia mtu, maana aliwajua majirani zake.

Hospitalini walinikwangua mfupa mara tatu. Kila mara walisema sasa umekwisha, na kila mara kidonda kilifunga mwezi mmoja au miwili, kisha nikaamka nimelowa. Shambani sikufaa tena. Nikajifunza cherehani, nikahamia Tunduma, nikapata nafasi kwenye baraza la duka la mzee mmoja wa Kirangi, Mwislamu mtaratibu aliyekuja kufanya biashara mpakani tangu enzi za uhuru. Aliniweka upande ambao upepo unapeleka harufu barabarani, na hakusema kwa nini. Namshukuru kwa hilo hadi leo. Nilikanyaga cherehani kwa mguu wa kulia tu, nikawashonea wanawake wa ng'ambo waliovuka na vitenge vyao, tukisalimiana mulishani, nikiwachekesha kwa Kibemba changu cha kuokoteza. Mdomo wangu hauna breki, na mteja anayecheka haulizi harufu inatoka wapi.

Tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni kabla sijajua kujifunga kitenge vizuri. Yeye aliolewa na fundi wa reli, kijana mpole wa kwetu kwetu, wakahamia Dar es Salaam. Miaka minne ikapita bila mtoto. Mama mkwe akaanza maneno, shemeji akamziba mdomo, maneno yakarudi kwa njia nyingine. Mdogo wangu aliniandikia yote. Mimi sina mume kwa sababu ya mguu, yeye hana mtoto, basi tulikuwa tumelingana, na sitadanganya, kulingana kule kulinifariji.

Kisha ikaja barua kwamba ana mimba. Niliisoma pale barazani, nikainamia cherehani, nikalia. Mzee wa duka akadhani ni furaha, akasema Mungu ni mkubwa. Haikuwa furaha. Niliona wivu, na naandika neno hilo nikiwa mzee wa kutosha lakini mkono bado unasita. Nikamjibu barua fupi ya kumpongeza. Baadaye akaandika kwamba amejifungua mtoto wa kiume, na kwamba hatamaliza kufurahi mpaka mimi nimpakate.

Hapo inabidi nieleze. Kwetu, mtu akitoka safari hapewi kiti kwanza, hupewa mtoto. Na kama huyo msafiri ni dada mkubwa wa mama, yaani mama mkubwa wa mtoto, basi humpakata, hulamba kidole, humpaka mate kidogo utosini, na kumsemea maneno mema. Hakuna anayekaa kufundisha jambo hili, kila mtu analijua. Anayekataa mtoto, watu hawamwambii kitu. Wanamtazama tu, na baada ya hapo hapewi tena.

Mwaka huo huo daktari wetu aliamua mguu ukatwe chini ya goti. Nikamwambia akate wa kwake. Alikuwa mtu wa kunizoea, akacheka, kisha akaacha kucheka. Akanieleza kwamba picha ya eksirei inaonyesha mfupa umeharibika kote, lakini haimwambii ni wapi ugonjwa bado uko hai na wapi ni kovu la zamani. Kuna mashine Dar es Salaam, akasema, kwenye hospitali kubwa. Unachomwa dawa yenye mionzi, dawa inakwenda kujishika kwenye mifupa, na pale mfupa unapougua inajishika kwa wingi, mashine inapita juu yako inaona. "Ikikuta ugonjwa uko mahali pamoja, tutakata pale pale na mguu utabaki. Ikikuta umeenea, usinibishie tena." Akaandika barua, nikapangiwa siku. Alinionya nisiikose, maana dawa yenyewe inaletwa kwa ndege na haidumu, ikikaa inaisha nguvu.

Nilipanda treni Tunduma nikiwa na siku moja ya akiba. Akiba hiyo ililiwa porini, treni ikiwa imesimama na hakuna aliyetuambia kwa nini. Tulifika Dar asubuhi ya siku yenyewe ya hospitali. Shemeji alikuwa ananisubiri stesheni, akasema mtoto ameamka anacheka, twende nyumbani ukamwone kwanza. Nikasema hapana, mguu kwanza. Ningekubali, ningempakata mtoto nikiwa bado sina dawa mwilini, ningechelewa hospitali, dawa ingeisha nguvu, na leo ningetembea na gongo. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko nilivyopiga hesabu ya kitu kingine chochote maishani.

Sindano yenyewe haikuuma. Muuguzi alivaa kitu kizito kifuani, akaichukua sindano kutoka kwenye kijumba cha madini ya risasi, akanichoma mkononi, akarudi nyuma haraka. Kule kurudi nyuma ndiko kulikonitisha. Nilikwishazoea watu kunikwepa kwa harufu, lakini huyu alinikwepa kwa kitu kisichonuka. Akaniambia ninywe maji mengi, niende haja ndogo kila mara, nisubiri muda wa saa tatu dawa ishuke kwenye mifupa. Nilikaa kwenye korido nikijitazama mikono. Haikubadilika rangi. Nikasikia, au nikajidhania nasikia, kitu kinatembea ndani yangu kikitafuta mahali pa kukaa.

Kisha nikalazwa kwenye kitanda chembamba. Juu yangu palikuwa na kichwa cha chuma, kikubwa kama sufuria la msibani, kikishikwa na mkono mrefu. Kilikwenda kushoto, kikarudi kulia, kikashuka kidogo, kikaenda tena kushoto, taratibu, kama mtu anayelima tuta kwa tuta bila haraka. Pembeni kulikuwa na karatasi, na kitu kama kalamu kikidonoa nukta kwa kufuata kinachoonwa kule juu. Tak, tak, tak. Kwenye paja kilidonoa polepole. Kilipofika juu ya kifundo cha mguu wa kushoto kikaanza kudonoa bila kupumzika, nikafumba macho nikajua ndipo ulipo.

Daktari wa pale alinionyesha karatasi. Nilikuwa nimejiona kwenye kioo, nimejiona kwenye maji, sijawahi kujiona nitakavyokuwa nikishakufa. Mtu wa nukta, hana nyama wala sura, mbavu zinahesabika. Juu ya kifundo palikuwa na doa jeusi, si kubwa kuliko kiberiti. Kwingine kote mfupa ulikuwa na nukta za kijivu tu. "Ugonjwa uko hapa," daktari akasema. "Miaka yote walikuwa wanakwangua juu yake." Mguu hautakatwa. Ningepaswa kurukaruka, kama ningekuwa na miguu ya kurukia. Nikauliza lile doa jingine jeusi, kubwa, lililokaa katikati chini ya tumbo. Akasema hicho ni kibofu, ni mkojo tu, dawa inatokea huko. Nikasema sawa. Lakini kwa macho yangu lilikuwa limekaa mapajani, namna anavyokaa mtoto aliyepakatwa.

Wakati natoka, muuguzi alinifuata mlangoni. "Leo na kesho usimpakate mtoto mchanga, na usikae karibu na mwenye mimba. Dawa inatoka na maji ya mwili. Kesho kutwa uko huru." Alisema kama anayesoma orodha. Nilimuuliza kwani inafanya nini. Akasema ni tahadhari tu, akarudi ndani.

Tulifika nyumbani kwa mdogo wangu jua limeanza kupoa. Alikuwa mlangoni, amejipaka mafuta, amevaa gauni nililomshonea mimi, na mtoto mikononi. Hakunisalimia kwanza. Alimnyanyua mtoto akamleta mbele yangu, mikono yake yote miwili imenyooka, uso wake unacheka hadi machozi.

"Dada, pokea mtoto wako."

Nikarudi nyuma. Nilirudi nyuma vile vile kama muuguzi.

"Siwezi leo," nikasema.

"Huwezi nini?"

"Nimechomwa dawa. Wamesema nisipakate mtoto mchanga leo na kesho."

Akamtazama mumewe, akanitazama mimi, akacheka kidogo. "Dawa gani ya mguu inayokataza mtoto? Haya, nitamshika mimi mwenyewe. Wewe mpake mate tu utosini, aingie ndani na baraka zake."

Dawa inatoka na maji ya mwili, ndivyo nilivyoambiwa. Nikayafikiria mate yangu, nikaona zile nukta zinatambaa kwenye utosi laini wa yule mtoto.

"Hata mate siwezi."

"Hata mate?"

"Nimekwambia siwezi! Kizungu hicho hukijui, na mimi sikijui, mtoe mtoto hapa."

Huo ndio ukali wangu, na hapo haukuwa na kazi yoyote ila kuficha kwamba nimeogopa. Mdogo wangu akaishusha mikono taratibu. Akamfunika mtoto uso kwa kanga, kama vile kuna vumbi. Shemeji akasema basi, atampakata kesho kutwa, safari ilikuwa ndefu, mama mwenye nyumba leta chakula. Nikala peke yangu kwenye kona, sahani yangu mbali. Mtoto alinitazama chakula kizima kutoka mapajani kwa mama yake. Alikuwa na macho ya baba yetu.

Na sasa niseme lile ambalo sikumwambia mchungaji wala mama. Nilipokuwa kwenye kona ile, pamoja na hofu, kulikuwa na kitu kingine kidogo. Kulikuwa na ahueni. Nilikuwa nimeogopa tangu Tunduma kwamba nitampakata mtoto yule na wivu utaonekana usoni mwangu, na sasa nilikuwa nimepewa sababu na hospitali kubwa ya nchi. Nilimkataa kwa sababu ya sindano. Hilo ni kweli. Lakini nilipomkataa nilipumua, na hilo nalo ni kweli.

Kesho yake mtoto aliamka na homa. Mdogo wangu alimpeleka zahanati, akarudi na vidonge vya kusaga.  Nilikaa nje, chini ya upenu, nikimsikia mtoto analia ndani, na kila nilipoinuka nijongee mlangoni nilikumbuka ile kesho ya muuguzi bado haijaisha, nikakaa tena. Kesho kutwa asubuhi akashikwa na degedege. Shemeji aliwakimbiza kwa gari la rafiki yake. Walirudi kabla ya saa sita, wanatembea kwa miguu, na nilijua kwa jinsi kanga ilivyofungwa.

Majirani wakaanza kuingia. Mdogo wangu alipita katikati yao wote, akaja moja kwa moja chini ya upenu, akapiga magoti mbele yangu.

"Kesho kutwa imefika, dada," akasema. "Mshike."

Akaniwekea mapajani. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nilimshika hadi walipokuja kumchukua kumwosha, na hakuna mtu aliyethubutu kuniambia nimwachie.

Wiki tatu baadaye, huko huko Dar, walinipasua pale pale palipokuwa na doa. Walitoa kipande kimoja cha mfupa uliokufa, kirefu kama kidole, kikiwa kimejificha ndani miaka yote. Kidonda kikafunga. Kikakauka. Hakijafunguka tena hadi leo ninapoandika. Nilishuka kwenye treni natembea kwa miguu miwili, sinuki, na Hasamba walinipokea kwa vigelegele, kwa sababu habari ya mtoto ilikuwa haijafika. Ilipofika, watu waliweka mambo mawili pamoja. Dada amekwenda na mguu mbovu, akamkataa mtoto mlangoni, mtoto akafa, mguu ukapona. Asikwambie mtu, kijiji hakihitaji mashine kuona kinachotaka kuona. Nilimtoa mtoto nikapewa mguu, ndivyo walivyosema, na waliponipisha njiani sasa haikuwa kwa sababu ya harufu.

Nilirudi Tunduma nikakanyaga cherehani kwa miguu yote miwili. Mzee wa duka alikuwa amesikia, Tunduma nzima ilikuwa imesikia. Aliniuliza kama nahitaji uzi mweusi au mweupe, na hakuuliza kingine.

Mwaka uliofuata alipita daktari mwingine hospitali yetu, aliyesomea mambo hayo ya mionzi. Nilimfuata nikamuuliza. Nilimweleza saa ya sindano, saa niliyofika nyumbani, yote. Akafikiri. "Kumpakata dakika chache, jioni ile? Isingemdhuru kitu, mama. Wanakataza ili usikae naye kutwa nzima." Na mate? "Hata mate. Ungempaka tu." Akaongeza kwa upole kwamba homa ile ilikuwa malaria, na malaria haijui nani kampakata nani. Nilimshukuru. Nikarudi barazani nikashona hadi usiku.

Mdogo wangu hakuniandikia kwa miaka miwili. Mama ndiye aliyeniambia kwamba amejifungua tena, mtoto wa kike, na kwamba anakuja nyumbani. Anayekwenda Hasamba akitoka Dar hushuka Mlowo, hapo ni karibu. Yeye hakushuka Mlowo. Alipitiliza hadi mwisho wa nchi, akatokea barazani kwetu mchana, mtoto mgongoni, miguu ina vumbi. Nilikuwa nakata gauni. Nikaweka mkasi chini.

Alimfungua mtoto, akamlaza kwenye meza yangu ya kukatia, juu ya kitambaa. Kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Sikupi," akasema. "Nilikupa mara moja. Ukimtaka, mchukue mwenyewe."

Nikamwambia nilichoambiwa na yule daktari. Nilimwambia ningeweza kumpakata, ningeweza hata kumpaka mate, kwamba nilikosea, na kwamba sikujua.  Nikaona nikiishia hapo nitakuwa nimedanganya.

"Na nilikuwa nimekuonea wivu," nikasema. "Tangu ile barua yako ya mimba."

"Nilijua," akasema. "Ulinijibu mistari miwili, wewe ambaye barua zako hazikosi kurasa tatu." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Unadhani kwa nini niling'ang'ania umpake mate? Nilitaka yaishe, dada. Nilikuwa nimekusamehe kabla hujashuka kwenye treni."

 Nilimchukua mtoto mezani. Alikuwa mwepesi, anapumua, ananitazama. Nikalamba kidole nimpake utosini, na kidole kikatoka kikavu. Nikajaribu tena. Kinywa changu kilikuwa kimekauka kabisa, ulimi umeganda, hakuna hata tone. Mdogo wangu aliona. Aliingia dukani kwa mzee, akarudi na kikombe cha maji, akakishikilia mdomoni kwangu kwa sababu mikono yangu ilikuwa na mtoto, akasubiri hadi nikaweza kumeza.